Enok Aqipi na Mlima Uliowapa Watu Mgongo

Jina la marehemu limeandikwa hapo juu kwa sababu kanisa linataka liandikwe. Humu ndani halirudiwi, na atakayesoma mbele ya kaburi asilitamke, mpaka apatikane mtoto wa kulibeba. Tarehe zimetoka katika daftari la kanisa na zimeletwa na mwanawe Boas. Yaliyobaki yametoka kwa bintiye Salomine, ambaye hakuulizwa neno mpaka Jumatano, ilipoonekana kwamba tarehe peke yake hazijazi ukurasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 kijijini Nuukajik, kilomita tisini kaskazini ya hapa mjini, mtoto wa tatu wa Piitaq Aqipi na mkewe Salomine. Wawili waliomtangulia hawakufika majira yao ya pili ya baridi. Nyumba zilikuwa saba, za mawe na udongo, na milango yote saba ilitazama kusini, ng'ambo ya hori, ulipo mlima Tunutivaq. Maana yake ni Mgongo Mkubwa. Umewapa watu mgongo, na uso umeuelekeza bara, kwenye barafu isiyokaliwa na kiumbe. Wazee walisema uliudhiwa na neno fulani zamani, na aliyelisema alikufa bila kuomba radhi.

Mtoto wa Nuukajik aliujua mgongo ule kabla hajajua kuvaa viatu. Kushoto ni Kisigino, kilichoingia baharini, ambako mkondo huila barafu kwa chini majira yote, hata kama kwa juu inaonekana nzima. Juu yake ni Kiuno, ambako kila Mei ndege wadogo hutua kwa maelfu, na watu waliwadaka kwa nyavu zenye mpini mrefu. Kisha Bega, jabali jeusi lisiloshika theluji, ambalo huonekana hata upepo ukivuma mpaka mtu asiwaone mbwa wake mwenyewe. Baada ya Bega ni Pengo, na baada ya Pengo ni Kisogo, kilele chenyewe. Aliyerudi kutoka mawindoni baharini alitazama juu: Kisogo kikijificha nyuma ya Bega, ameupita mkondo na anaweza kuwasha kiko. Kikiwa bado kinaonekana, asishuke kwenye sleji, kigari cha kuteleza barafuni, hata kama mbwa wamegoma.

Jua la Nuukajik liliondoka tarehe 2 Novemba na kurudi tarehe 9 Februari, saa sita mchana, katika Pengo. Halikuwa na mlango mwingine. Siku hiyo watu walisimama nje vichwa wazi na mikono wazi, na watoto wachanga walivuliwa kofia ili jua liwatambue. Lilikaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, likaondoka.

Elimu ya marehemu ilikuwa majira matatu ya baridi kwa katekista wa kijiji, kuanzia mwaka 1947. Alifundishwa kusoma nyimbo za kanisa na kuandika jina lake. Jina aliliandika vizuri mpaka mwisho, maana hakuwa na kingine cha kuandika. Shule yake kubwa ilikuwa baba yake na mlima. Shule hiyo ilifungwa Machi 1951, baba yake aliposhuka kwenye sleji Kisogo kikiwa bado kinaonekana. Mbwa wawili walirudi. Marehemu alikuwa na miaka kumi na tatu, na kuanzia siku hiyo ndiye aliyeilisha nyumba.

Aliwinda sili, dubu na nyangumi wenye pembe. Hakuwahi kusifiwa kwa kuua wengi. Sifa yake ilikuwa moja: hakuna mtu aliyefuata nyayo zake akapotea. Alikuwa mmoja wa wanaume wanne tu walioujua mlima mzima, mgongo na uso, maana huko usoni walikwenda wanaume peke yao, mwezi wa Aprili, kutafuta ng'ombe-mwitu wenye manyoya marefu.

Tarehe 12 Julai 1958 alifunga ndoa na Bolette, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Walijaliwa watoto wawili, Boas mwaka 1960, na Salomine tarehe 3 Oktoba 1963.

Miezi minne kabla ya Salomine kuzaliwa, mama mzazi wa marehemu, yule Salomine mkewe Piitaq, alifariki. Mtoto akapewa jina lake, na kwa hiyo mama akawa amerudi. Marehemu hakuwahi kumwita binti yake kwa neno lingine ila Mama. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, baba mzima mwenye chusa begani alisimama mlangoni akiomba ruhusa.

"Mama, nikaangalie wavu?"

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Nenda. Usishuke kwenye sleji."

Kijiji kizima kilicheka, naye marehemu alikwenda, na hakushuka kwenye sleji. Wanaomkumbuka wanasema hakuna siku alizoonekana na furaha kama siku hizo. Salomine naye anazikumbuka. Mtoto wa miaka mitatu aliyetiiwa na mwindaji mkubwa hasahau, hata akifika hamsini.

Mwaka 1971 wakubwa wa wakati ule waliona kwamba nyumba saba ni chache mno kupelekewa makaa na daktari. Watu thelathini na wanane na mbwa wao walipakiwa katika chombo kimoja mwezi wa Agosti, wakaletwa hapa. Marehemu alikaa nyuma kabisa ya chombo, mgongo kwa wenzake, mpaka Kisigino kilipofichwa na rasi. Hapa mjini mlima hauonekani. Kuna milima mingine mitatu kati yake na sisi, nayo haina jina la kuita. Hapa jua hurudi mapema, Januari ishirini hivi, kwa kuwa mbele kuna bahari tupu, na watoto wa shule huliimbia. Marehemu hakutoka hata mara moja. Alisema hilo ni jua lililoruka ukuta, na mgeni wa namna hiyo hasalimiwi. Yeye alitoka tarehe 9 Februari, saa sita mchana, peke yake, akavua kofia na glavu akitazama upande usio na kitu.

Mjini alifanya kazi ya kuleta barafu ya kuyeyushwa iwe maji ya kunywa, akiivuta kwa mbwa wake, kisha kuanzia mwaka 1979 akawa mlinzi wa jenereta mpaka alipostaafu mwaka 2003. Mwaka 1981 walikuja watu wa ramani na helikopta, wakamuuliza habari za mlima. Akawaeleza kutwa nzima. Ramani ilipotoka, pale palikuwa na namba tu, 1912, kimo cha mlima kwa mita.

"Wameandika urefu wa mtu," alisema, "wakasahau kumuuliza jina."

Tukirudi nyuma kidogo, kuna jambo la mwaka 1972 ambalo haliko katika daftari la kanisa. Mwaka huo Boas alichaguliwa kwenda Denmark kusoma. Marehemu alichukua kipande cha gogo lililoletwa na mawimbi, akakaa miezi miwili akichonga mgongo wa Tunutivaq pembeni mwake, kila bonde na kila jino, kama wazee walivyochonga pwani zao, ili mtu autie mti ndani ya glavu na kuisoma njia kwa kidole gumba bila kutoa mkono kwenye baridi. Kila jioni alimwita Boas, akamtajia: Kisigino, Kiuno, Bega, Pengo, Kisogo, na mabonde yote ya kati, na mahali pa kunywa maji, na mahali pa kulala. Boas alikuwa na miaka kumi na miwili, akitazama dirishani waliko wenzake. Salomine alikuwa na miaka minane. Alikuwa hapo hapo chini ya taa, akijifunza kushona nyayo za viatu.

Mwaka huo huo mwalimu mmoja alikuja nyumbani kumtaka Salomine aingie shule ya hapa mjini.

"Ana akili," mwalimu alisema. "Mpeni miaka michache tu."

"Najua ana akili," marehemu alijibu. "Ndiye aliyenilea."

"Mzee, nakuuliza habari ya huyu mtoto."

"Na mimi nakujibu habari ya mama yangu. Mtu humtuma mama yake shule, akachapwe na wageni? Nani atafanya hivyo?"

Salomine aliingia shule siku arobaini, kwa sababu sheria ilitaka. Kisha Bolette akaugua kifua, na hakuna aliyekuja tena kuuliza. Bolette alifariki tarehe 6 Mei 1976, na kuanzia hapo Salomine alishona, alipika, alikwangua ngozi na kulisha mbwa. Watu watasema alipendwa. Ni kweli, alipendwa sana. Alipendwa kama mama, na mama hapelekwi shule, mama hapelekwi mlimani, mama haulizwi anataka nini, mama yupo tu.

Boas alirudi mwaka 1978. Marehemu alimpokea bandarini, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ule mti wa mlima aliompa uko wapi.

"Niliwapa wenyeji wangu kule," Boas alisema. "Waliupenda mno, Baba. Wameutundika ukutani."

Marehemu alikwenda kuwalisha mbwa, ingawa walikuwa wamekwisha kulishwa. Hakuchonga mwingine.

Boas alipata kazi halmashauri, akanunua boti yenye injini. Marehemu alimwomba jambo moja tu, apelekwe akautazame mlima. Barafu hufunguka Agosti kwa wiki tatu, na kila mwaka jibu lilikuwa "Agosti, Baba." Agosti moja palikuwa na ukungu. Agosti nyingine injini ilikuwa mbovu. Mwaka mwingine palikuwa na wageni wa halmashauri wa kutembezwa, na wageni hao walipelekwa mpaka Kisigino, wakarudi na picha. Boas alimwonyesha baba yake picha hizo. Picha zimekata Kisogo.

Mwaka 2009 presha ya macho ilimpofusha marehemu macho yote mawili. Agosti iliyofuata Boas alikuja mwenyewe.

"Baba, boti iko tayari. Twende."

"Nikauonyeshe nini?" marehemu akasema. "Macho haya? Mlima utaniona mimi, mimi nisiuone. Nao tayari umenipa mgongo."

Baada ya hapo hakuutaja mlima kwa muda mrefu. Kisha Jumapili moja ya Septemba mwaka 2012, wakiwa kwenye kahawa, alisema, "Boas, nitajie kutoka Kiuno mpaka Pengo."

"Baba, siku hizi kuna mitambo. Unabonyeza, inakuonyesha."

"Sikukuuliza mitambo. Mabonde mangapi?"

"Matatu?" Boas akasema.

Marehemu aliweka kikombe chini polepole, akakitafuta kisahani mara mbili kabla ya kukipata. Mabonde ni matano. Salomine alikuwa amesimama kwenye karai la vyombo, na alijua kuwa ni matano, na bonde la nne ndilo lenye maji. Alikwenda kutafuta ngozi.

Alishona wiki sita. Ilikuwa glavu ya kulia ya ngozi ya sili, ya kawaida kwa nje. Ndani, kati ya ngozi na bitana, pembeni panapopita kidole gumba, alishonea vipande vya ngozi ngumu ya nyayo, kimoja kimoja, kwa uzi wa kano. Alivifumua mara nne. Kwenye Bega aliacha ngozi bila manyoya, kwa kuwa Bega halishiki theluji.

Marehemu aliivaa asubuhi, akitaka kwenda kukaa na mbwa wake wawili waliobaki.

"Mama, leo umeshona ovyo. Humu ndani kuna mawe."

"Pitisha kidole."

"Yananichoma."

"Pitisha kidole, nimesema."

Akapitisha. Alifika Kiuno, akasimama. Akarudi mwanzo, akaanza tena polepole, midomo ikicheza bila sauti.

"Nani amechonga hii?"

"Haijachongwa. Imeshonwa."

"Boas amekwambia?"

"Boas hajui Kisigino kiko mkono gani."

"Basi nani?"

"Wewe. Ulikuwa ukimwambia yeye. Mimi nilikuwa hapo nashona."

Marehemu alikaa chini kwenye benchi la mlangoni, mkono mmoja una glavu na mwingine hauna. "Bonde la nne hujaweka maji," akasema baadaye.

"Yapo. Gusa kwa chini."

Akagusa. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Miaka arobaini. Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Hakusema pole. Salomine alisubiri, kwa kuwa alikuwa ameingojea pole hiyo tangu siku ile ya mwalimu, lakini haikuja. Kilichokuja ni kwamba marehemu alivua glavu, akaikunja, akaiweka kifuani ndani ya koti. Kisha akasema, "Leta ya kushoto."

"Ya kushoto ya nini? Mgongo umekwisha."

"Ya uso," marehemu alisema. "Kaa. Nitakutajia."

Hakuna mwanamke wa Nuukajik aliyewahi kutajiwa uso wa Tunutivaq. Kazi ilichukua majira mawili ya baridi, kwa kuwa marehemu alitaja jambo moja kwa siku na kutaka kulipapasa kabla ya kuendelea. Uso unaanzia Kidevu, ambako mto wa barafu hupasuka kwa kukingama, na mtu huvuka kwa kufuata michirizi ya rangi ya buluu, kamwe si myeupe. Kutoka hapo ni Shavu, bonde linalofagiwa na upepo mpaka majani yanaonekana Aprili, ndiko wanakosimama ng'ombe-mwitu. Juu ya Shavu ni Jicho, chemchemi ndogo isiyoganda hata Februari, yenye mvuke, na pembeni yake kuna majani mafupi laini ya kijani ambayo marehemu alisema aliwahi kuyalalia shavu lake akalia, akiwa na miaka ishirini, bila sababu aliyoijua. Kutoka Jicho njia hupanda mpaka Kipaji, yaani paji la uso, na kutoka Kipaji mtu akigeuka huyaona mapaa saba ya Nuukajik kupitia katika Pengo, madogo kama punje.

Jioni moja wakiwa kwenye Shavu, marehemu alisema, "Mwalimu yule alikuwa na haki."

Salomine aliendelea kushona.

"Lakini ningempelekaje mama yangu, Mama?"

"Ungenipeleka."

"Ningelia."

"Ungelia, halafu ungenyamaza. Watu hunyamaza."

"Kweli," akasema marehemu. "Ningenyamaza." Kisha akaongeza, "Na huko usoni ningekupeleka pia. Ungependa Jicho."

Hayo ndiyo yaliyosemwa, na yameandikwa kama yalivyosemwa.

Oktoba 2013 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alitaka arushwe hospitali kubwa ya mbali. Marehemu alikataa, akasema huko jua huja kila siku bila kubisha hodi, naye hawezi kukaa na jua lisilo na adabu. Aliuguzwa nyumbani, na Salomine, kwa wiki kumi na tatu. Jumatano tarehe 15 Januari walikuwa wamefika Jicho. Salomine aliuliza njia ya kupanda Kipaji ni ya kushoto kwa chemchemi au ya kulia.

"Kesho," marehemu alisema. "Nimechoka, na hapo si mahali pa kupita mtu aliyechoka."

Kesho yake hakusema kitu. Alifariki Ijumaa tarehe 17 Januari 2014, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano, glavu ya kulia ikiwa mkononi. Jua lililoruka ukuta lilirudi siku tatu baadaye, na watoto wakaliimbia.

Kumekuwa na maneno kuhusu glavu hizo, na ni afadhali yasemwe hapa mbele ya wote. Boas aliomba ziwekwe kwenye kabati la kioo pale halmashauri, zenye maandishi. Salomine alimjibu kwamba mlima wa baba yao umekwisha kutundikwa ukutani mara moja, na mara moja inatosha. Boas hakubisha. Alikaa, akaomba avishwe ya kulia, akapitisha kidole, na akahesabu kwa sauti mpaka tano. Kisha akairudisha mwenyewe kwenye mkono wa baba yake. Ya kulia inazikwa leo naye.

Marehemu ameacha watoto wawili, Boas na Salomine. Mkwe mmoja, Martha. Wajukuu watatu, Ivalu, Hendrik na Nuka. Na mbwa wawili wazee ambao hawavuti tena. Ivalu ni mjamzito, anatarajia kujifungua mwezi wa Aprili. Juzi alikwenda kwa Salomine, akavua viatu mlangoni kama mtu anayekuja kuomba, akasema, "Shangazi, wewe ulikuwa mama yake. Jina ni lako kulitoa. Nakuomba unipe."

Salomine amelitoa. Mtoto akizaliwa, wa kiume au wa kike, atalibeba, na watu watalitamka tena. Salomine atamwita Baba. Atampeleka shule. Na Boas ameahidi Agosti, na safari hii ameahidi mbele ya kaburi.

Glavu ya kushoto haizikwi. Kati ya Jicho na Kipaji kuna nafasi ya vidole vitatu isiyoshonwa, na sindano imeachwa humo na uzi wake. Mwenye kuijua njia atakapoweza kusema, ataulizwa: kushoto kwa chemchemi, au kulia.

Tarehe 9 Februari, wiki mbili kuanzia kesho, saa sita mchana, jua litaingia katika Pengo, na Nuukajik hapatakuwa na mtu wa kulivulia kofia. Wenye kupenda watoke hapa, vichwa wazi, watazame kaskazini.

Tumemlaza kichwa upande huo. Apumzike kwa amani, mahali pasipopigwa na upepo, na mlima umgeukie.